Kufuli Lenye Miguu Miwili

Asubuhi nyumbani kwa akina Bisibisi ilianza kwa foleni ya soketi. Sebuleni kulikuwa na soketi moja tu, chini ya dirisha, na kila mtu alikuwa na shida nayo. Mama, ambaye ni fundi wa kushona, aliihitaji kwa cherehani yake ya umeme na kwa mashine ndogo ya kupindia kingo za nguo. Birika la chai liliihitaji. Pasi iliihitaji. Simu ya Mama nayo, ambayo chaji yake huisha kabla ya salamu kwisha, ilikuwa ikiingojea.

Basi wakanunua ekstensheni ya kuchomekea vitu vinne. Vilipozidi vinne wakanunua ya pili, wakaichomeka kwenye ile ya kwanza. Nyaya zikalala chini ya meza ya kushonea zimesokotana, na mtu akitaka kuchomoa pasi anachomoa birika.

Kila vitu vilipowashwa kwa pamoja, swichi ya usalama iliyo kwenye boksi la umeme ilijizima. Tak!

"Umeme umeanguka!" anapaza sauti Redio, mdogo wake Bisibisi, mtoto wa miaka minane ambaye habari haiwezi kulala tumboni mwake.

"Inua!" anajibu Mama bila hata kugeuka.

Na aliye karibu huinua. Boksi lilikuwa kwenye korido, pembeni ya mlango wa nyuma, na katika nyumba hiyo kuinua swichi ilikuwa kazi ya kila mtu. Mama aliiinua kwa rula yake ya kukatia vitambaa. Redio, kwa kuwa ni mfupi, aliiinua kwa mpini wa ufagio. Lakini bingwa alikuwa Baba. Yeye ni mwoka mikate. Huondoka alfajiri na kurudi mchana, nyusi zote unga mtupu, macho yamejaa usingizi. Akishaingia kwa mlango wa nyuma, kabla hata hajaitikia shikamoo, kidole chake kilishafika kwenye boksi.

"Kidole changu kinajionea chenyewe," alipenda kujisifu. Wote wakacheka, maana ilikuwa kweli.

Bisibisi alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata zamani, alipofungua skrubu zote za mlango wa jikoni ili aone mlango unashikiliwa na nini. Aliona. Mlango ulianguka juu ya ndoo ya maji, na tangu siku hiyo majirani wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Wala hakuchukia. Alikuwa na kopo lenye bisibisi mbili, koleo moja na utepe mweusi wa umeme, na alilipenda kopo hilo kuliko viatu vyake vya sikukuu.

Jumatano moja, Mama alikuwa akipiga pasi mapazia ya zahanati. Tafadhali usiyachukulie mapazia hayo kirahisi. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Muuguzi mkuu alikuwa ameona gauni alilomshonea jirani, akaligeuza ndani nje, akatazama mishono, kisha akauliza, "Aliyeshona hii anaishi wapi?" Mama alisimulia maneno hayo wiki nzima, na kila aliposimulia alitabasamu upya.

Sasa, pasi ikiwa imepamba moto, harufu mbaya ikajaa chumbani. Chini ya meza, ekstensheni ya pili ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka mahali waya ulipozungushiwa utepe mweusi. Mama alirusha pazia pembeni, akakimbilia korido, akazima umeme wa nyumba nzima. Pazia lilikuwa limeangukia pasi. Kona yake ikaungua.

"Nani amefunga utepe hapa?" Mama aliuliza huku akihema.

Bisibisi aliutambua utepe wake. Angeweza kumsingizia Redio. Redio husingiziwa kila kitu. "Ni mimi, Mama," alisema. "Waya ulikuwa umechubuka. Nikauziba ili usikurushe."

"Umesema kweli, nami niseme kweli," alisema Mama. "Mchubuko huo niliuona mwezi uliopita. Nikajiambia, nikimaliza kazi hii nitashughulikia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nusura nijenge nyumba nzima."

Baba aliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha. Aliiokota ekstensheni iliyoungua, akaigeuzageuza, kisha akaiweka mezani mbele ya Mama.

"Mama watoto, kazi yako naipenda," alisema. "Lakini wanangu wanalala humu. Jumamosi jioni umeme wa chumba hiki uwe salama, au cherehani itoke nje ya nyumba. Sina maneno mengine."

Kutoka nje ya nyumba kwenda wapi? Mama hakuwa na kibanda wala kona sokoni. Alichukua kitambaa, akaifunika cherehani, akakaa kando yake mikono mapajani. Bisibisi hakuwahi kuiona mikono ile ikiwa haina kitu, na moyo ulimuuma sana.

"Baba," alisema, "Shangazi si fundi umeme?"

Baba alijikuna kichwa, unga ukadondoka. Shangazi, mdogo wake wa kuzaliwa, alikuwa fundi umeme mwenye leseni, anayefunga umeme kwenye majengo ya ghorofa. "Alishaniambia soketi hazitutoshi," Baba alikiri kwa sauti ya chini. "Nikamwambia aache kunitafutia makosa kwangu."

"Basi kaka mtu amshukuru Mungu kwamba dada mtu hana kinyongo," alisema Mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo. Baba alipiga simu.

Kesho yake shuleni, Bisibisi hakuweza kujizuia. "Jumamosi mimi na Shangazi tunafunga soketi mpya nyumbani," aliwaambia wenzake.

"Wewe? Labda utabeba mkoba," alisema rafiki yake anayekaa naye dawati moja.

"Nitaunganisha waya. Mtaona!"

Jumamosi Shangazi alifika mapema, buti miguuni, penseli juu ya sikio, na kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake. Alikuja na mkoba mzito wa vifaa na boksi la soketi mpya. Baba alikuwa ameshaenda kuoka mikate.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Wapi huyo mgonjwa wenu?"

Walimwonyesha ekstensheni. Alipoona utepe mweusi alimtazama Bisibisi. "Kumbe dokta ni wewe. Umefunga kidonda bila kukiosha. Waya uliochubuka na kupata moto hautibiwi kwa utepe, hutupwa." Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe, wifi yangu, sikiliza. Swichi ile ikijizima, si kwamba imechoka. Inawaambia mmeubebesha waya mzigo usio wake. Ninyi mnainyamazisha, mnaendelea na chai!"

Mama alicheka kwa aibu. Shangazi hakutoa chombo hata kimoja kwanza. Alimwomba Mama akae kwenye cherehani na ajifanye anashona, kisha asimame kama anakwenda kupiga pasi, kisha arudi. Shangazi alimfuata kwa macho, na kila Mama alipofika, alichora alama ndogo ya penseli ukutani: hapa ya cherehani, hapa ya mashine ya kupindia kingo, pale ya pasi, mbali na ndoo ya maji.

"Pasi ni mlafi," alieleza. "Nitaipa waya wake mnene kutoka kwenye boksi, na swichi yake ya usalama. Ule waya wa zamani wa ukutani utabaki na vitu vyepesi; nikikuta ncha zake zimeungua, nitazikata. Na kila soketi itakuwa na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano. Umeme ukipotea njia, huo ndio unaouonyesha pa kwenda, badala ya kupita kwenye mwili wa mtu."

Bisibisi alikuwa ameshika kopo lake, macho yanang'aa. Shangazi alipima soketi ya zamani kwa kipimo chake, taa yake ikawaka. Akaenda korido, akashusha swichi kuu, akarudi na kupima tena. Haikuwaka. Akakipima kile kipimo chenyewe kwenye betri yake, kuhakikisha bado ni kizima. "Nisije nikaamini chombo kibovu," alisema. Halafu akarudi korido pamoja na Bisibisi, akatazama boksi, akaguna.

"Kazini kwangu, nikizima umeme naweka kufuli langu kwenye swichi, na ufunguo naingiza mfukoni. Hakuna atakayewasha mpaka nimalize. Hili boksi lenu ni la zamani, halina pa kuweka kufuli." Akaweka mkono begani mwa Bisibisi. "Kwa hiyo kufuli langu leo ni wewe. Utasimama hapa. Asiguse mtu swichi hii."

Bisibisi alinuna. "Kusimama tu? Mimi nilidhani nitakusaidia waya. Redio hawezi kusimama hapa?"

"Redio atasimama dakika mbili, kisha aende kutangaza kwamba alisimama."

"Ni kweli," alisema Redio, wala hakukasirika.

"Asiguse mtu," Shangazi alirudia. "Hata nani?"

"Hata nani," alijibu Bisibisi kwa unyonge.

"Hata mimi mwenyewe nikikuita kutoka chumbani nikasema washa, usiwashe. Aliyezima ndiye atakayekuja kuwasha, kwa mkono wake. Tumeelewana?"

Walielewana, lakini Bisibisi alisimama pale midomo imevimba. Atawaambia nini wenzake? Kwamba alilinda ukuta? Kutoka sebuleni alisikia nyundo ikigonga tindo, plasta ikidondoka, Mama akikohoa vumbi. Redio alikuwa akikimbia huku na huku akileta taarifa.

"Ukuta umepasuliwa mfereji mrefu!" Akaondoka. Akarudi. "Sasa Shangazi anafungua soketi ya zamani! Ndani kumeungua, nyeusi tii! Njoo uone, Bisi, fanya haraka!"

Bisibisi alitazama mlango wa nyuma. Kimya. Hapakuwa na mtu. Akajiambia ataangalia mara moja tu. Akanyata hadi mlango wa sebuleni, akachungulia. Shangazi alikuwa amepiga magoti, ncha za nyaya tatu wazi mbele yake, koleo mkononi.

Shangazi aliinua macho. Hapo hapo akaachia nyaya na kurudisha mikono yake kifuani.

"Nani yuko kwenye boksi?" aliuliza.

Redio alimnyooshea dada yake kidole.

"Sigusi waya tena mpaka kufuli langu lirudi mahali pake," alisema Shangazi. Hakukaripia. Alikaa pale kwenye magoti yake, akingoja, na Mama akamtazama binti yake kwa jicho ambalo halihitaji maneno.

Bisibisi alirudi korido masikio yakiwaka kwa aibu. Sasa alisimama akiwa ameegemea ukuta, boksi likiwa juu ya kichwa chake, na kichwani alikuwa akiona kitu kimoja tu: vile vidole vya Shangazi vilivyoachia nyaya. Kumbe wakati wote huo Shangazi alikuwa akishika nyaya zile kwa kumtegemea yeye. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja.

"Niko hapa, Shangazi!" alipaza sauti.

"Haya, naendelea!" sauti ikajibu.

Muda ukapita. Redio alileta taarifa nyingine, akaambiwa aende zake. Marafiki walipita uani na kamba ya kuruka wakimwita, akatikisa kichwa. Miguu ilianza kumuuma. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Baba akaingia, nyusi nyeupe, macho nusu yamefumba, mfuko wa mikate mkono mmoja.

"Shikamoo, Baba."

Baba hakuitikia bado. Korido ilikuwa na giza, taa haikuwaka, na mwili wake uliujua utaratibu. Mkono ukainuka. Kidole kinachojionea chenyewe kikapita juu ya kichwa cha Bisibisi, kikielekea kwenye swichi.

"Hapana, Baba!" Bisibisi aliudaka mkono ule kwa mikono yake miwili, akaning'inia.

Mikate ilianguka sakafuni. Baba alifumbua macho yote mawili. Katika nyumba ile, mtoto hakuwahi kumpazia baba yake sauti, sembuse kumkamata mkono.

"Wewe! Unanishika mkono mimi, baba yako?"

Bisibisi alijua lugha ya heshima ilivyo, alijua pia kwamba akiachia, kidole kitafika. "Nisamehe, Baba. Nitapiga magoti baadaye. Lakini swichi hii huigusi."

"Eti nini?"

"Aliyezima ndiye atakayewasha. Shangazi ameshika waya kule ndani. Ameshika kwa mikono yake, Baba!"

Kutoka sebuleni sauti ya Shangazi ikasikika, nyepesi, akizungumza na Mama: "Nishikie hapa tochi, wifi, huu wa mwisho umeungua zaidi."

Baba aliisikia. Mkono wake ukalegea ndani ya mikono ya binti yake, ukashuka taratibu. Alitazama swichi, akatazama kidole chake, kisha akakaa chini pale pale kati ya mikate. Yule ni mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni walipokuwa watoto.

"Nilijua anakuja leo," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Tangu Jumatano nilijua. Na bado mkono ulikwenda."

Shangazi alipotoka na Mama kuona kulikoni, aliwakuta baba na mwana wamekaa sakafuni. Hakuna aliyelazimika kueleza sana. Shangazi aliutazama mkono wa kaka yake, akaitazama swichi iliyokuwa bado chini, akamtazama Bisibisi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka. Alimkumbatia mtoto yule kwa nguvu, vumbi la plasta likahamia kwenye gauni la mtoto.

"Mwanangu," alisema Baba, "hujanivunjia heshima. Umeniheshimu kuliko siku zote. Mazoea yana taabu. Nusura yaniue mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria usalama. Niwie radhi."

"Marahaba, Baba," alijibu Bisibisi kwa kuchanganyikiwa, na hapo wote wakaangua kicheko, hata yeye, hata Redio aliyekuwa ameshaanza kuokota mikate.

Kazi ikaendelea. Bisibisi alirudi kusimama kwenye boksi, safari hii kidevu juu. Waya mnene ulilazwa ndani ya bomba la plastiki katika ule mfereji wa ukutani, soketi tatu mpya zikafungwa zimenyooka. Mwishowe Shangazi alikuja kwenye boksi lenyewe kufunga swichi ya pasi. Ile sehemu inayoleta umeme kutoka mtaani, yenye muhuri wa shirika la umeme, hakuigusa hata kidogo. Alipima kila soketi, akapima tena. Kisha akasimama mbele ya Bisibisi.

"Kufuli, naomba njia. Aliyezima amekuja."

Bisibisi alisogea. Swichi ikapanda, nyumba ikawaka. Mama akaondoa kitambaa kwenye cherehani, akakanyaga, mashine ikaimba. Pasi ikawashwa. Birika likawashwa. Redio alisimama chini ya boksi, masikio wazi, akingoja lile tak. Halikuja.

"Hakuna habari," alitangaza kwa masikitiko.

Jioni, Mama alipokuwa akikata kile kipande kilichoungua na kushona kona mpya ya pazia, mishono ikiwa imenyooka kama ile iliyomleta muuguzi, Baba alisimama mlangoni akimtazama. "Cherehani haitoki," alisema. "Wala asije mtu kuniambia itoke." Mama hakuinua kichwa, lakini tabasamu lake lilionekana mpaka kwenye masikio.

Shangazi alikuwa akipanga vifaa vyake. Alimwita Bisibisi. "Umenunia kusimama kwenye boksi, nilikuona. Waya nitakufundisha ukikua na ukaingia chuoni, kwa sababu umeme hauchezewi na mtoto, hata awe hodari vipi. Lakini sikia. Mikono ya kuunganisha waya napata kazini kila siku. Mtu ninayeweza kumpa mgongo wangu nikafanya kazi bila kugeuka, simpati kila siku. Uliondoka mara moja, ukarudi, na uliporudi hukuondoka tena. Fundi wa kweli anaanzia hapo."

Akatoa mkobani kufuli lake jekundu la kazini, pamoja na ufunguo wake, akavitumbukiza ndani ya lile kopo. "Nina lingine," alisema.

Jumapili mchana yule rafiki wa dawati moja alipita na wenzake uani. Bisibisi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akisuka kamba ya kurukia.

"Haya, fundi," aliuliza rafiki yule, "uliunganisha waya ngapi?"

"Hata mmoja," alijibu Bisibisi.

Wakaanza kucheka. "Si tulisema! Ulibeba mkoba!"

Wakati huo Baba alikuwa akirudi kutoka kuoka mikate, unga kwenye nyusi, mfuko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akapita katikati yao, akafungua mlango, na mkono wake, kwa mazoea, ukainuka kuelekea kwenye boksi. Ukasimama hewani. Swichi zote zilikuwa juu, na kutoka sebuleni cherehani ilikuwa ikiendelea kuimba. Baba akaushusha mkono, akawageukia wale watoto.

"Mnauliza alifanya nini?" alisema. "Jana dada yangu alirudi kwake mzima, na mke wangu anashona ndani ya nyumba yake, kwa sababu binti huyu alisimama pale alipowekwa, akamzuia hata baba yake mzazi. Nendeni mkawaulize baba zenu kama wana mtoto kama huyo."

Kisha akaingia ndani. Rafiki yule akaketi ngazini kando ya Bisibisi, akaushika upande wa pili wa ile kamba ili isukike vizuri.